Uganda: Saratani ya Watoto na Njia ya Kutoka Zahanati hadi Mulago

Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tunavuka mpaka wa Mutukula na kuelekea Kampala, kwenye kilima cha Mulago, mahali ilipo hospitali kuu ya Uganda. Hatuendi huko kwa habari za siasa wala za bei ya kahawa. Tunakwenda kuuangalia ugonjwa mmoja wa watoto, uvimbe wa taya, ambao uliiingiza Uganda katika vitabu vya tiba vya ulimwengu mzima. Dawa za kuuponya ugonjwa huo zilianza kujulikana tangu miaka ya 1960. Hata hivyo, watoto wa sehemu zetu hizi za Afrika wangali wakifa kwa ugonjwa huo huo, na wengi wao hufika hospitali kubwa wakati dawa haiwezi tena kuwafaa.

Neno saratani likitajwa, aghalabu mawazo yetu huwaendea watu wazima, na huziendea hospitali zenye mitambo na madaktari bingwa. Mtu wa zahanati ya kijijini huonekana kwamba hana sehemu katika habari hiyo. Lakini uvimbe huu huwashika watoto, hasa wa umri wa miaka mitano hadi tisa, na huwashika wavulana kwa wingi kuliko wasichana. Mara nyingi huanza kwa jino kulegea. Kisha taya huvimba, jicho huweza kusukumwa nje, na pengine uvimbe hutokea tumboni pasipo kuonekana kitu chochote usoni. Hakuna saratani nyingi zimpatazo binadamu zenye kukua kwa haraka namna hiyo, kwani uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akicheza mpira mwanzoni mwa mwezi aweza kufika mwisho wa mwezi hawezi kufumba mdomo. Walakini kwa sababu hiyo hiyo ya kukua haraka, ugonjwa huu husikia dawa upesi, kwa kuwa dawa za saratani hushambulia zaidi chembe zilizo katika hali ya kuzaana.

Habari hizi zilianza kufahamika mwaka 1957. Wakati huo Daktari Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, alikuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago. Alikuwa amewasili Uganda mwaka 1946 na kuanza kazi huko Lira, upande wa kaskazini. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja; saratani nayo, kwa jinsi madaktari walivyokuwa wakiijua, huanzia mahali pamoja. Huyu alikuwa amevimba pande nne kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye Burkitt alikwenda Jinja, na alipokuwa katika hospitali ya huko alichungulia dirishani akamwona mtoto ameketi majanini pamoja na mama yake, uso umevimba vile vile. Akatoka nje, akampima, akampiga picha, akamkuta ana uvimbe tumboni pia. Mtoto mmoja angeweza kusahauliwa kama ajabu iliyopita. Baada ya wa pili, Burkitt alianza kufungua madaftari ya hospitali.

Ndani ya madaftari hayo alikuta kwamba wagonjwa wa namna hiyo walikuwapo siku zote. Huyu aliandikwa kuwa na saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya jicho, kila mmoja chini ya jina lake, na hakuna aliyekuwa amewaweka pamoja. Hata Daktari Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha katika kumbukumbu zake michoro ya watoto waliovimba mataya. Ugonjwa ulionekana na kuchorwa kwa zaidi ya nusu karne, ila haukupata jina. Burkitt aliandika makala yake ya kwanza mwaka 1958, na haikupita miaka mingi wataalamu wa Mulago waliopima vipande vya nyama kwa hadubini wakabainisha kwamba hiyo ilikuwa saratani ya tezi na chembe za kinga ya mwili. Leo inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Hapa ndipo palipo na sehemu ya kisa hiki inayotuhusu zaidi. Burkitt hakuwa na maabara kubwa wala fedha nyingi za utafiti. Alichapisha karatasi yenye picha za watoto wenye uvimbe huo, akaipeleka kwa takriban madaktari elfu moja wa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akiwauliza swali moja tu: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yalipoanza kurudi, alichomeka pini katika ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikazidi, na ramani ikaanza kuonyesha ukanda uliokata katikati ya Afrika, pande zote mbili za mstari wa Ikweta, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Watu waliomwezesha kuchora ukanda huo walikuwa hasa madaktari na wauguzi wa hospitali ndogo ndogo, pamoja na makarani wao waliotunza madaftari. Katika hospitali ya Kuluva, karibu na Arua katika jimbo la West Nile, Daktari Ted Williams alikuwa akiandika kwa uangalifu kila mgonjwa wa uvimbe huo, kijiji alikotoka na tarehe aliyougua. Kumbukumbu hizo za hospitali ya pembezoni zilikuja kutumiwa na wataalamu wa kimataifa kwa miaka mingi baadaye. Tunaona vyema kulitaja jambo hili, kwa maana sifa za uvumbuzi hupenda kukaa mjini.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 Burkitt, Williams na daktari mwenzao Clifford Nelson waliondoka Kampala kwa gari la aina ya Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki kumi, mwendo wa maili 10,000, wakazitembelea hospitali zaidi ya 50 kuelekea kusini mwa Afrika. Wasikilizaji wa makamo yetu watakumbuka kwamba miezi hiyo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba, na Uganda yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza hadi mwaka uliofuata. Ni kweli kwamba daktari wa serikali ya kikoloni aliweza kuivuka mipaka mingi kwa urahisi ambao mtafiti Mwafrika wa siku zile asingeupata. Lakini ni kweli pia kwamba alifanya jambo ambalo watafiti wengi hawalifanyi hata leo: alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni pa hospitali ya wilaya, akakaa, akauliza.

Jawabu alilorudi nalo lilikuwa la ajabu. Ukanda ule haukufuata makabila wala mipaka ya nchi, ulifuata mwinuko wa ardhi. Karibu na Ikweta, juu ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, uvimbe haukuonekana. Na kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Watu wa nyanda za juu za Rwanda na Burundi hawakuujua, ilhali majirani zao wa mabondeni na wa kandokando ya maziwa waliujua sana. Mtaalamu wa virusi wa Entebbe, Alexander Haddow, alionyesha kwamba mwinuko ulikuwa kivuli tu cha joto. Uvimbe ulikosekana mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 15 hivi za sentigredi au mvua ni haba. Ramani ya saratani ilikuwa imekaa juu ya ramani ya mbu.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likitendeka London. Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mtaalamu kijana wa virusi, Anthony Epstein. Tangu hapo vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliona katika hadubini ya elektroni virusi ambavyo havikuwa vimejulikana kabla. Hivyo vikawa virusi vya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba karibu watu wote duniani huviambukizwa na kuishi navyo bila dhara. Ili vizae uvimbe kwa mtoto, yahitajika malaria kali inayomrudia tena na tena, ikizisukuma chembe za kinga kuzaana bila mapumziko mpaka zikosee katika vinasaba vyao.

Wataalamu walipotaka kuyathibitisha hayo, walirudi tena vijijini. Katika West Nile, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, damu ilitolewa kwa watoto wapatao 42,000, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Ripoti iliyotolewa mwaka 1978 ilieleza habari za watoto 14 kati yao waliopata uvimbe, ikaonyesha kwamba dalili za virusi katika damu zilikuwa zimepanda muda mrefu kabla ya taya kuvimba. Nchini mwetu nako, katika wilaya ya North Mara, kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama kuizuia malaria kungepunguza uvimbe. Hesabu ya wagonjwa ilishuka, kisha ikapanda tena; lakini kwa kuwa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge, watafiti kwa haki hawakuthubutu kutoa hukumu. Yatupasa kukumbuka kwamba kila namba katika ripoti hizo ni mkono wa mtoto ulionyoshwa uchomwe sindano, na nyuma yake mzazi aliyekubali. Mzazi huyo ana haki ya kuuliza: baada ya gari la wataalamu kuondoka, zahanati yetu imebaki na nini?

Turudi Mulago tuitazame tiba. Katika miaka ya 1960 Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji haukufaa kitu kwa uvimbe uliotapakaa. Burkitt alilazimika kujaribu dawa alizopewa na wenzake wa Marekani na kwingineko: methotreksati, saiklofosfamidi, na vinkristini, ambayo hutolewa katika mmea wa maua wenye asili ya kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na ambao watu wengi wa pwani wameupanda uani kwa mapambo bila kujua siri yake. Matokeo yaliwashangaza hata waliotengeneza dawa. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona moja kwa moja baada ya dozi moja au mbili. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifungua hapo Mulago wodi ya vitanda 20 chini ya Daktari John Ziegler. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa, pamoja na Daktari Anomah Ngu, Mkameruni aliyeifanya kazi hiyo Nigeria.

Katika wodi ile, kumpa mtoto dawa na kumruhusu hakukuhesabiwa kuwa mwisho wa kazi. Wafanyakazi waliwafuata wagonjwa hadi vijijini mwao, kwa gari na kwa miguu, kujua nani yu hai na nani uvimbe umemrudia. Kwa maneno mengine, taasisi ilijua kwamba saratani ya mtoto huanzia nyumbani na huishia nyumbani. Kisha zikaja siku mbaya. Idi Amin alikuwa ametwaa serikali Januari 1971, na haukupita muda mrefu wataalamu wa kigeni wakaondoka. Profesa Charles Olweny alishika uongozi, Mganda wa kwanza kufanya hivyo, na yeye pamoja na wauguzi wake waliendelea kutibu katika miaka ambayo dawa, maji, hata na sabuni vilikuwa vya kutafutwa. Yapo mengi yanayosemwa juu ya miaka ile ya Uganda. Hili la wauguzi wa wodi ya saratani halisemwi vya kutosha.

Mwaka 2004, Daktari Jackson Orem alipoanza kuiongoza, taasisi ilikuwa na bingwa wa saratani mmoja tu, yaani yeye mwenyewe. Kwa ushirikiano na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, madaktari wengine walisomeshwa, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata, mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 1995, iliharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, wengine walibaki wakingoja, na mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Watu wengi waliposikia habari hiyo walisema kwamba Uganda haina tiba ya saratani. Kwa mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi pigo hilo lilikuwa kubwa mno. Lakini kwa mtoto wa uvimbe wa taya mashine siyo iliyokuwa ikimchelewesha. Yeye huponywa kwa dawa za dripu na sindano, na katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo kwa mbali.

Tofauti hiyo huanzia wapi? Tumfuate mtoto mmoja wa mfano, wa kijiji chochote kando ya ziwa. Ana miaka sita. Jino limelegea, mama hashangai, kwa kuwa huo ndio umri wa kung'oka meno ya utoto. Ila yaliyolegea ni magego, wakati meno ya mbele ndiyo hutangulia kung'oka. Shavu likivimba anapelekwa zahanati, anapewa vidonge vya jipu, anaambiwa arudi baada ya wiki. Wiki ya pili anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, au jino linang'olewa na uvimbe unatokeza kwenye pengo. Wiki ya tatu baba anatafuta nauli. Hospitali ya wilaya inampa barua ya rufaa. Hospitali ya mkoa inakata kipande na kukipeleka kupimwa, na majibu yanachukua wiki nyingine. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili umepewa zaidi ya mwezi. Hakuna hata mmoja katika safari hiyo aliyefanya uovu. Kila mmoja alifanya lile alilofundishwa.

Mwezi wa Septemba 1978, katika mji wa Alma-Ata uliokuwa katika Umoja wa Kisovieti, mataifa yalikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi, iliyo karibu na mahali watu waishipo na wafanyapo kazi, ndiyo mlango wa tiba yote. Zahanati zetu na zile za Uganda zimefanya kazi kubwa kwa chanjo, uzazi na malaria. Saratani iliachwa nje ya mlango huo, kwa kudhaniwa kuwa ni ya hospitali kuu. Lakini linalotakiwa kwa muuguzi wa zahanati katika jambo hili halihitaji mtambo. Atazame mdomoni. Mtoto mwenye magego yaliyolegea pamoja na taya au shavu lililovimba, au mwenye uvimbe tumboni unaokua, asipewe wiki ya kungoja, apewe barua siku hiyo hiyo, na barua itaje saratani kwa jina ili apokewe kwa haraka. Karatasi ya picha kama ile ya Burkitt, ikitundikwa katika ukuta wa kila zahanati ya ukanda wa ziwa, ingegharimu kidogo kuliko gurudumu moja la gari la wagonjwa.

Uganda yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba kazi ya bingwa yaweza kuteremshwa hadi kwa muuguzi. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha mjini Kampala shirika la Hospice Africa Uganda, la kuwahudumia wagonjwa wasioweza kupona. Alileta mofini ya maji, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa dawa na maji pamoja na kihifadhi, yenye bei nafuu na ya kunyweka nyumbani. Sheria, hata hivyo, iliwaruhusu madaktari peke yao kuiandika, na madaktari hawakuwapo vijijini. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wapo waliohofu kwamba dawa ingeibwa na kulevya watu. Wauguzi walifundishwa, madaftari yakatunzwa, na wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha wakapata kulala.

Ikiwa muuguzi wa wilaya ameaminiwa kuandika mofini, dawa ambayo dunia nzima huifungia kabatini, ni vigumu kuelewa kwa nini asiaminiwe kumpeleka mtoto moja kwa moja katika wodi ya saratani pasipo kupitia vituo vitatu. Kwa upande wa Uganda kaskazini, hospitali ya Lacor karibu na Gulu imekuwa ikiwatibu watoto wa uvimbe huu huko huko. Kwetu, mtoto wa kandokando ya ziwa hutazamia hospitali ya Bugando, Mwanza. Lakini mzazi wa Arua, jirani wa ile Kuluva ambako madaftari yalitunzwa vizuri namna ile, akiambiwa ampeleke mwanawe Mulago, angali na safari ya karibu kilomita 500, na nauli ya watu wawili ya kwenda na kurudi kwa kila dozi.